Ulinipita Darajani

Swali la kwanza ninaloulizwa na mtu anayekuja kwangu kutafuta ushauri nasaha si la ada wala la muda. Ni "Wewe mtoto wa nani?" Watu wazima wanauliza waziwazi, hata hawajakaa vizuri. Vijana wanazunguka: dada kwenu wapi, skuli ulisoma wapi, yule mwenye duka Mkunazini mnaitanaje. Hapa Unguja swali hilo halina ubaya wowote, ni adabu. Lakini lina mitego yake. Mtu asiyejulikana kwao hapewi siri, na anayejulikana kwao hapewi vile vile, kwa sababu huenda shangazi yake ndiye jirani wa wifi yako. Anayeuliza anapima yote mawili kwa pamoja.

Chuoni nilifundishwa namna ya kulijibu: kulirudisha lilikotoka. "Naona ungependa kunijua zaidi. Unadhani kunijua kungekusaidia nini?" Mjibu hivyo bi mkubwa wa Kwahani halafu uone. Atakuangalia, atajitanda kanga yake upya, atasema, "Haya mwanangu, nimefahamu." Na alichofahamu ni kwamba kuna jambo la kwenu unalificha.

Wenzangu wengi wanasema huu ndio ugumu wa tiba ya mazungumzo visiwani: kila mtu anamjua kila mtu, kwa hiyo tiba iliyobuniwa kwenye miji mikubwa ya watu wasiojuana haiwezi kusimama hapa. Mimi naona wanakilaumu kisiwa bure. Hata huko ilikobuniwa, yule mtabibu asiye na kwao hakuwahi kuwepo. Wapo wachanganuzi nafsi, yaani watabibu wa mazungumzo wa mkondo wa Freud, ambao wamekuwa wakilisema hilo kwa zaidi ya miaka 40, wakajenga juu yake mkabala mzima, mkabala wa mahusiano. Naona unatufaa sana, ingawa si kwa sababu ile inayotajwa kila mara.

Jibu lile la chuoni lina asili yake. Mwaka 1912 Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeuanzisha uchanganuzi nafsi, aliandika mawaidha kwa madaktari wanaofanya kazi hiyo. Aliwaambia daktari asionekane ndani; awe kioo, asimwonyeshe mgonjwa ila kile alichokileta mgonjwa mwenyewe. Akatoa na mfano wa daktari mpasuaji, anayeweka kando huruma zake ili mkono usitetereke. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Mgonjwa humhamishia mtabibu hisia alizokuwa nazo kwa baba, kwa mama, kwa kaka aliyekuwa akimpiga. Ili hisia hizo zionekane waziwazi, mtabibu asichanganye na zake. Akikaa kimya nyuma ya kochi alilolalia mgonjwa, lolote litakalosemwa juu yake litakuwa limetoka kwa mgonjwa.

Ila Freud wa chumbani hakuwa Freud wa kitabuni. Katika maandishi yake ya mwaka 1907 kuhusu kijana ambaye dunia inamjua kwa jina la Mtu wa Panya, aliandika kwamba siku moja mgonjwa alifika ana njaa, akalishwa. Nikiufikia mstari ule hucheka peke yangu. Hapa kwetu mgeni kulishwa si jambo la kuandikwa. Angeandikwa yule aliyeondoka hajala. Halafu Freud alimchanganua hata binti yake mwenyewe, Anna. Huyo hakuwa na haja ya kuuliza daktari ni wa kwa nani.

Wa kwanza kuipasua hoja ya kioo alikuwa mwanafunzi wa Freud na rafiki yake, Sándor Ferenczi wa Budapest. Mwaka 1932, kwenye mkutano uliofanyika Wiesbaden, Ujerumani, alisoma mada iliyowachukiza wakubwa wake. Alisema wagonjwa wanaona. Wanaijua siku mtabibu aliyochoka, wanajua anapowachukia huku anatabasamu, na adabu ya kikazi inayoifunika chuki hiyo ni unafiki. Tena wengi wao waliumizwa utotoni na watu wazima ambao baadaye walikana waliyoyatenda. Mtabibu anayekana anachokihisi anamrudisha mgonjwa pale pale. Freud alimtaka asiichapishe. Ferenczi alifariki mwaka uliofuata, na mada ile haikutoka kwa Kiingereza mpaka 1949.

Baada yake njia ziligawanyika, na sitozifuata zote. Marekani, Harry Stack Sullivan alisema mtabibu hawezi kumtazama mgonjwa kutoka nje, maana yumo ndani ya anachokitazama. Edinburgh, Ronald Fairbairn alisema binadamu tangu kuzaliwa anatafuta watu, si raha. London, Donald Winnicott akasema hakuna kitu kinachoitwa mtoto mchanga peke yake. Ukimwona mtoto umemwona na anayemlea. (Bibi yangu hayo angeyasema bila ya kwenda London.) Na mkondo mmoja ulipita karibu na sisi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda, anatembelea nyumba za Waganda kwenye vijiji vya karibu na Kampala, anakaa na kina mama 26 na kuwaangalia watoto wao kwa miezi kadhaa. Nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi, ambayo wanafunzi wetu wanaisoma kana kwamba imezaliwa kwenye maabara ya Marekani, ilianza kuangaliwa kwa macho ndani ya nyumba za Afrika Mashariki.

Nyuzi hizo zilisukwa pamoja New York. Mwaka 1983 Jay Greenberg na Stephen Mitchell walichapisha kitabu kilichosema kwamba ndani ya uchanganuzi nafsi mna picha mbili za binadamu zisizopatanika kirahisi: moja ya kiumbe anayesukumwa na matamanio, nyingine ya kiumbe wa mahusiano tangu mwanzo. Mitchell aliichagua ya pili, akaiandikia kitabu chake mwaka 1988, akaanzisha jarida mwaka 1991, akafariki mwaka 2000 akiwa na miaka 54 tu. Kwangu mimi, hata hivyo, makala iliyo na uzito zaidi ni ya Irwin Hoffman wa Chicago, nayo ya mwaka huo huo wa 1983. Alisema mgonjwa naye anamfasiri mtabibu. Hatupi picha zake kwenye ukuta mtupu. Ameshakusoma: viatu vyako, simu yako, sauti yako inavyoshuka jioni. Anachokidhani juu yako huenda kina chumvi, lakini mara nyingi si uzushi. Basi la kujiuliza si namna ya kujificha. La kujiuliza ni nini ameshakiona kwako, na kinafanya nini baina yenu.

Kwa hiyo bi mkubwa akiniuliza mie mtoto wa nani, mara nyingi namjibu. Nataja ukoo, nataja mtaa. Kisha namuuliza: sasa umeshanijua, kuna jambo litakuwa zito kuniambia? Mmoja aliniambia hata hakupepesa: "Ya mume wangu basi sitoyasema, maana mama yako na dada zake wanakwenda maulidi pamoja." Nikajua mlango upi umefungwa, na kwa nini. Tuliukalia mlango huo vikao kadhaa kabla haujafunguka, na ulifunguka kidogo.

Sasa ile sababu inayotajwa kila mara. Utasikia kwamba mkabala huu unatufaa kwa kuwa sisi ni watu wa undugu, watu wa jamii. Mtabibu awe karibu, awe na bashasha, atoe pole, basi. Hiyo ni nusu ya habari, na ni ile nusu isiyotibu. Watu wanaokuja kwangu hawakukosa mahusiano. Mahusiano yamewafika shingoni. Hawana faragha ya chumba, hawana ya simu, na akikohoa mmoja shangazi watatu wanapika uji. Walichokosa ni mtu wa kumkasirikia usoni, naye abaki amekaa.

Hasira tunayo namna nyingi za kuifikisha bila ya kuitamka. Mtu hununa. Mtu hununua kanga yenye maneno, akaivaa akapita mlangoni pa mwenziwe. Kwenye taarab mtu hunyanyuka kumtunza mwimbaji pale panapoimbwa fumbo lake, na aliyekusudiwa huwa ameketi safu ya tatu anajua. Mambo yakizidi, hutumwa mtu. Wazee hukaa, hao wawili huitwa, Fatiha husomwa, mikono hupeanwa. Ramadhani ikikaribia tunaombana radhi kwa simu na kwa ujumbe: nisamehe niliyokukosea, niyajuayo na nisiyoyajua. Ni maneno mazuri, na nimeyatuma mwenyewe mwaka huu kwa watu ambao nilijua vizuri sana nimewakosea nini.

Sizidharau suluhu hizi. Zimesimamisha ndoa na majumba. Nchi yenyewe imepita humo: Novemba 2009 Amani Abeid Karume, aliyekuwa Rais wa Zanzibar, na Maalim Seif Sharif Hamad wa upinzani walikaa wakapatana, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikafungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa. Mtu aliyeziona chaguzi zilizotangulia hawezi kuyaita hayo madogo. Lakini katika nyumba nyingi ninazozijua, Pemba na Unguja, mikono ilipeanwa na yaliyopita yakabaki yalivyo, kila mtu na lake kifuani. Ninaokutana nao chumbani ni watu wa suluhu za namna hiyo, za kisiasa na za jikoni.

Nieleze kisa kimoja. Nimekichanganya kutoka kwa watu zaidi ya mmoja, na waliomo wameridhia kisimuliwe hivi.

Sisi washauri tuna kanuni: ukimwona mteja nje, usimsalimie wewe kwanza. Huenda yuko na mkwe wake, na mkwe atauliza huyo umemjulia wapi. Mjini kwetu kanuni hii ni ya lazima, maana watu bado wakisikia fulani anakwenda kwa mshauri, akili zao zinakimbilia Kidongo Chekundu, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na akishatajwa na hospitali ile, posa ya mdogo wake nayo huyumba. Siku moja nilikuwa Darajani kwenye meza za samaki, nachagua changu. Nikamwona mteja wangu upande wa pili wa meza, yuko na mwanamke nisiyemjua. Macho yetu yakakutana. Nikainamia samaki, nikalipa, nikaondoka.

Kikao kilichofuata alifika kwa wakati. Alinisalimu vizuri kuliko siku zote. Kila nililouliza jibu lilikuwa alhamdulillah, au sina neno. Alishukuru kwa feni, akashukuru kwa maji. Nami nikaanza kupata usingizi, nikajikuta natazama saa, natamani amalize aende zake. Mchanganuzi nafsi Paula Heimann, mwaka 1950, aliandika kwamba hisia anazozipata mtabibu mbele ya mgonjwa si taka za kufagiliwa nje. Ni chombo cha kumsikilizia. Kwa nini basi leo nataka huyu aondoke, na siku zote napenda kuja kwake?

Nikamwambia, "Ukhti, leo umenishukuru sana. Najihisi kama mgeni aliyewekwa barazani, ndani hakaribishwi."

Akanyamaza. Akaikunja ncha ya ushungi wake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ulinipita Darajani," akasema. "Kama hunijui. Na yule ni dada yangu, dada, nilishamhadithia habari zako. Nilitaka akuone."

Kanuni ilikuwa ulimini tayari. Ningeieleza, angesema kweli dada nimefahamu, na angeendelea kushukuru kwa feni mpaka mwisho wa mwaka. Nikasema, "Nilikuona. Tulitazamana, kisha nikageuka. Niambie ilikuwaje upande wako."

Aliyoyasema hapo hakuwahi kuyasema. Alilelewa Chake Chake na mama wa kambo ambaye hakumpiga hata siku moja, wala hakumtukana. Hakumsemesha tu. Sahani iliwekwa, nguo zilifuliwa, na mazungumzo yalipita juu ya kichwa chake kwenda kwa watoto wengine. Baba akirudi kutoka safari, sauti nayo ikarudi: njoo mwanangu, chukua mwanangu. "Ningemwambia nini baba?" akaniuliza. "Kakufanya nini? Hajanifanya kitu." Halafu akaniangalia. "Na wewe ulikuwa unanionea haya?"

"Nilikuwa nakulinda, kwa ninavyojua mie kulinda," nikasema. "Na humo humo nimekufanyia lile lile."

Akapandisha sauti. Alinisema, na alinisema vizuri, kuanzia Darajani mpaka siku niliyochelewa kufungua mlango huko nyuma, ambayo mie nilishaisahau. Ndani yangu nilikuwa nafurahi, jambo ambalo si la kuonyesha usoni wakati mtu anakusema. Mwisho tukapatana namna ya kufanya tukikutana tena nje: yeye akitoa salamu, mie naitikia na kumwita mdogo wangu, na mtu akiuliza, tumejuana kwenye hitima.

Kanuni ilikuwa sahihi, na yeye alikuwa sahihi kuumia. Mkabala wa mahusiano unaanzia hapo hasa, kwamba mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mchanganuzi nafsi Jessica Benjamin aliandika mwaka 2004 kuhusu ugomvi ambao ndani yake mna viti viwili tu, cha mtenda na cha mtendwa, na kila mmoja anaapa amekalia cha mtendwa. Ningeishika kanuni, mie ningekuwa mtendwa wa mteja asiyeelewa kazi yangu, na yeye mtendwa wa mtabibu baridi. Wote wawili tungekuwa na ushahidi. Kutoka humo, anasema Benjamin, kunahitaji mahali pa tatu, pa kusimama wote wawili na kulitazama lililotokea. Na wa kuanza kukiri ni mtabibu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye dhamana. Hapo ndipo suluhu zetu zinapopungukiwa. Zinavunja viti vyote viwili kwa haraka, kabla mtu hajaulizwa alikalia kipi na kilimchoma wapi.

Yule mama wa kambo, wanasaikolojia wamemfanyia jaribio bila ya kumjua. Katikati ya miaka ya 1970 Edward Tronick na wenzake walimwomba mama acheze na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache aufishe uso: amtazame mtoto bila ya kucheka, bila ya kujibu. Mtoto hutabasamu, husonda kidole, hupiga kelele, hutumia kila alichonacho kumrudisha mama. Akishindwa hugeuka pembeni, akanywea. Kuitazama filamu yake ni kazi ngumu. Nilipoiona mara ya kwanza nilimfikiria Freud na kioo chake, mtabibu wa kimya nyuma ya kochi, na mgonjwa aliyekwisha kukulia mbele ya uso kama ule. Huyo anakuja kutibiwa anaukuta uso wenyewe, tena kwa kulipia.

Tronick na wenzake waligundua jambo jingine linalonipa moyo. Hata mama na mtoto waliopatana kabisa, wanapocheza huwa wanakwenda sambamba karibu theluthi moja tu ya muda. Uliobaki wanapishana, wanatafutana, wanarudiana. Kinachomkuza mtoto ni huko kurudiana.

Kuna swali la pili ninaloulizwa, kwa kawaida si siku ya mwanzo. "Dada, wewe unaamini masheitani?" Anayeuliza ana wake, au mama yake anao. Kjersti Larsen, mwanaanthropolojia wa Norway aliyefanya utafiti wake hapa mjini, ameandika katika kitabu chake cha 2008 juu ya makabila yao: ruhani walio Waarabu na Waislamu, rubamba wa Pemba, kibuki waliotoka Bukini (Madagaska), Wakristo na wanaotaka brandi, na habeshia. Kila kabila lina lugha yake, mavazi yake na manukato yake. Sheitani akishapanda kichwani, mwanamke ambaye mbele ya mume hanyanyui jicho hudai na kulaumu kwa sauti nyingine, na mume hujibu kwa heshima, hata akaenda dukani.

Philip Bromberg, mchanganuzi nafsi naye wa New York, aliandika mwaka 1998 kwamba nafsi haikuwahi kuwa moja. Kila mtu ana nafsi nyingi zilizozaliwa katika mahusiano tofauti, na uzima ni kuweza kusimama katika nafasi zilizo baina yao bila ya kuipoteza hata moja. Kwa mtu aliyeumizwa, nafsi hizo hazijuani. Moja ikiingia, nyingine inatoka. Mzanzibari gani atashangaa? Sisemi kwamba sheitani ni nafsi tu iliyopewa jina. Hilo si langu kuliamua, na kusema kweli wanasaikolojia wanaoliamua kwa haraka hunichosha kama wanavyonichosha waganga wanaoamua kwamba kila huzuni ni sheitani. Mteja akiniuliza namwambia nilikolelewa: bibi yangu alikuwa na ruhani, na Alhamisi jioni nyumba nzima ilinukia udi. Kisha namuuliza: na wako ananionaje mie?

Mama mmoja alicheka, akafunika mdomo kwa kanga. "Yeye hakupendi," akasema. "Anasema unauliza sana, tena unauliza vya watu."

Nikamwambia amfikishie salamu, na kwamba ana haki yake. Mambo ya watu nauliza kweli. Kwa muda wote aliokuja kwangu, hilo lilikuwa lalamiko la kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa bado ananiona sina kasoro. Ilichukua muda mpaka malalamiko yakaanza kuja kwa sauti yake, na yalipoanza yalikuwa madogo madogo: kiti kigumu, dirisha wazi, watu wa nje watasikia.

Wakosoaji wanasema mkabala huu unampa mtabibu ruhusa ya kujizungumzia. Wana haki ya kuogopa. Ferenczi yuleyule, mwaka huo wa 1932, alijaribu kupokezana na mgonjwa wake aliyemwandika kwa herufi R.N.: leo mie nakuchanganua, kesho unanichanganua wewe. Hakufika mbali. Kati ya yaliyomtatiza ni kwamba akisema kila linalomjia, siri za wagonjwa wengine zitafanywaje? Kisiwani swali hilo halina mzaha hata kidogo. Ningesema yote yanayopita kichwani mwangu katika kikao kimoja, kufika magharibi mji mzima ungekuwa umenuniana. Lewis Aron, katika kitabu chake cha 1996, aliliweka vizuri: mtabibu na mgonjwa wanaathiriana kwa kwenda na kurudi, lakini hawako sawa katika wajibu. Kipimo changu mwenyewe ni kikali kidogo kuliko chake. Jambo likinijia mdomoni na nikahisi kulisema kutanipunguzia mie uzito, silisemi. Nampigia mwenzangu aliye Dar, ninayemweleza kazi zangu bila ya majina, nalisema kwake.

Na kuna saa. Kikao ni dakika 50, na kwetu mwenyeji hamwambii mgeni kwamba muda umekwisha. "Ndiyo unanifukuza?" wananiuliza, wengine kwa utani, wengine siyo. Wapo wenzangu wanaorefusha, wanasema mila yetu haina saa. Mie sirefushi. Hoffman aliandika kitabu kizima, mwaka 1998, juu ya mvutano baina ya taratibu za kikao na yale yanayotoka moyoni bila ya kupangwa, na kwa maoni yake kimoja hakina nguvu bila ya mwenzake. Ningekuwa napiga simu usiku kama binamu na kukaa na mtu mpaka alasiri, siku nikimwambia neno nje ya taratibu lisingekuwa na uzito wowote. Angelihesabu kuwa ni mazoea. Tena mtu hawezi kunikasirikia Jumatano hii kama hana hakika kwamba Jumatano ijayo, saa nne, mlango utafunguliwa.

Ada nayo imo humo humo. Wengine wanachelewa kulipa, na wapo wanaoniletea mkate wa kumimina uliofunikwa kitambaa, wakatarajia tumemalizana. Mkate naupokea, nausifu, na hata nikakata kipande hapo hapo. Kisha deni naliandika, na kikao kinachofuata tunalizungumza.